Maneno Yasiyo na Mifano

Jumatatu, 4 Machi 2002

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta njiani nikitoka dukani kwa Vumilia, na mwavuli niliuacha nyumbani kwa ubishi. Wifi Mwanamwema alinionya asubuhi. Nilimjibu kwamba mawingu ya Lushoto nayajua kuliko yeye. Sasa nimekaa jikoni nakausha gauni na yeye anacheka ukumbini, tena kwa sauti.

Naanza daftari hili kwa sababu kazi niliyopewa ina mwisho wake, na ningependa kukumbuka ilivyokwenda. Twaha, niliyemfundisha Kiswahili tangu darasa la nne hadi la saba, siku hizi ni mhariri wa kamusi iliyoko kwenye mtandao. Amenitumia orodha ya maneno mia sita na arobaini ambayo hayana mifano. Maana zipo, visawe vipo, lakini sentensi ya kumwonyesha msomaji neno linavyotumika hakuna. Natakiwa niziandike hadi mwisho wa Mei. Baada ya hapo kamusi nzima itahamishiwa kwenye sahani za kompyuta, zile CD, na kupelekwa mashuleni, na kitakachoingia kwenye sahani hakifutiki.

"Mwalimu, shikamoo," ameniandikia. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba neno bila mfano ni jembe bila mpini."

Sikumbuki kusema maneno hayo, ila nimeyakubali.

Alhamisi, 7 Machi

Utaratibu wetu ni huu. Nyumbani naandika kwa mkono. Jumatatu na Alhamisi napeleka kwa Vumilia, mama mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala, ambaye tangu mwaka jana ana kompyuta inayoingia mtandaoni kwa waya wa simu. Yeye anachapa, ananitolea kwenye karatasi nisahihishe, kisha anatuma. Karatasi zilizotoka vibaya anamwekea wifi, ambaye huzipitia mwenyewe akienda sokoni. Wifi anauza maandazi, na maandazi yanataka kufungwa.

Leo nimemaliza maneno thelathini na mbili. Nimegundua kwamba siwezi kuandika mfano wa hewani. Vitabu vyote nilivyofundishia vilijaa Juma na Asha. Juma anacheza mpira, Asha anafagia uwanja, na tangu tupate uhuru hawajazeeka wala kuugua. Mimi naandika watu ninaowajua. Kwenye *foleni* nimeweka: "Tulipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, ikaisha zamu ya Mwanamwema ilipofika." Kwenye *kibali*: "Ismaili alikwenda Tanga mara tatu kutafuta kibali cha kununulia mabati." Kwenye *mwaminifu*: "Ismaili alikuwa mwaminifu, hata msumari wa kiwanda hakuuleta nyumbani."

Ismaili ni marehemu mume wangu, na ndiye kaka yake wifi. Alikuwa karani wa kiwanda cha mbao kule Shume. Mwezi wa tano anatimiza miaka mitatu tangu atutoke, na tangu hapo mimi na wifi tunaishi pamoja katika nyumba hii ya wazee wao.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Maneno manane tu.

Alhamisi, 14 Machi

Kumbe sokoni nimekuwa maarufu! Wifi, kabla ya kufunga andazi, huwasomea wateja kilichoandikwa kwenye karatasi. Wamecheka foleni ya sukari mpaka mzee mmoja akatokwa machozi na kuanza kusimulia foleni yake ya khanga. Leo Darweshi wa buchani amenisimamisha njiani na kisu mkononi.

"Mwalimu, shikamoo. Nasikia watu wanaingia kwenye kamusi."

"Marahaba. Wanaingia."

"Mimi niweke kwenye *shujaa*."

"Shujaa si langu, limeshapewa mtu mwingine. Nina *punja* na *mizani*."

Ameondoka akinung'unika, lakini kesho atarudi, namjua.

Wifi anasoma vizuri, ana mkazo wake, anatua penye kituo. Nilimfundisha mimi. Mwaka sabini na nne, alasiri, chini ya paa la bati la darasa la watu wazima, wanawake thelathini na zaidi na vitoto vyao mgongoni, wote wanaimba silabi. Ukungu ukiingia dirishani hatuoni ubao, tunaendelea kwa kukariri. Baridi ile, na joto lile la watu, sijalipata tena mahali pengine.

Jumatatu, 18 Machi

Twaha analalamika, kwa heshima zote. "Mwalimu, mifano yako ni mizuri, lakini watoto wa sasa hawajui duka la ushirika. Hawajui kibali. Soko ni huria, mabati yamejaa kila duka."

Nimemjibu kwamba kamusi siyo gazeti. Kama mtoto hajui duka la ushirika, atalijulia wapi? Nimekaa nikakumbuka harufu yake: mafuta ya taa, sabuni ya mche, na magunia. Rafu tupu, na bado tulikuwa tunakwenda kila siku kuziangalia. Sisemi zilikuwa siku njema. Nasema nilikuwa kijana, na Ismaili alikuwa akinisubiri nje na baiskeli.

Alhamisi, 21 Machi

Neno *hiari* limenishinda. Jana niliandika: "Ismaili alistaafu kwa hiari mwaka 1993." Leo nimelifuta. Kiwanda kilipotaka kuuzwa, waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakapewa fomu ambayo neno hiari lilikuwa limeshachapwa juu yake. Kilichobaki kilikuwa sahihi tu. Alirudi kwa miguu kutoka Shume, akakaa barazani bila kuvua viatu. Hiari gani hiyo?

Nimejaribu pia michango ya hiari ya kujenga darasa. Ile nayo tulikuwa tunafuatwa nyumbani na mgambo. Nimeliruka.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeliruka tena. Wifi kapika bada, ule ugali wa muhogo, nimekula mpaka nikasahau kamusi.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimefika kwenye *toweka*, na mkono wenyewe umeandika: "Nikodemo alimwahidi Mwanamwema kwamba atarudi, kisha akatoweka."

Nikodemo alikuwa kijana wa Kilutheri, akijifunza uuguzi Bumbuli. Mwaka sitini na tano alikuja kuchanja watoto kijijini kwetu, akamwona wifi, na wifi akamwona yeye. Mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu katika nyumba hii, na ndiye niliyekuwa nawalindia njia. Alipopelekwa Moshi kuendelea na masomo aliahidi kurudi kuzungumza na wazee. Mwaka uliofuata nilikwenda kozi ya ualimu Korogwe, na niliporudi nikamuuliza Ismaili, "Yule kijana vipi?" Akasema, "Katoweka." Neno hilo hilo. Mwaka mmoja baadaye wifi akaolewa Mnazi, kule tambarare kwenye joto, na miaka sita baadaye akaachika, akarudi mlimani na sanduku moja.

Nimemsikitikia wifi yangu miaka yote hii. Karatasi ya leo nimeitoa mwenyewe kwenye furushi la maandazi, nikaichana. Mtandaoni nani atamjua? Mwanamwema wako wengi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Bonde lote limepotea, sioni hata mti wa jirani. Nimebakiza maneno mia mbili na kumi, na *hiari*.

Jumatatu, 8 Aprili

Chini ya kila neno katika kamusi ile kuna kisanduku ambamo msomaji anaweza kuandika akiona kosa. Wengi huandikia maana. Leo Vumilia kanigeuzia kompyuta akasema, "Mwalimu, huyu kaandikia mfano." Nimeunakili hapa ujumbe wake kama ulivyo.

"Neno: toweka. Mfano si sahihi. Nikodemo hakutoweka. Alirudi mwezi wa sita 1966, akapiga hodi kwa kina Mwanamwema, akasimama uani kwenye ukungu. Kaka yake msichana akamwambia kwamba ameshakwenda kuolewa Mnazi. Nilistaafu uuguzi Arusha na sasa nawafundisha Kiswahili madaktari wageni, ndiyo maana kamusi hii naitumia kila siku. Naomba mrekebishe. Nikodemo, Arusha."

Nimesoma mara tatu. Vumilia akaniuliza kama naumwa. Nikamwomba anitolee kwenye karatasi, nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya mkoba. Mwezi wa sita sitini na sita wifi hajaolewa! Alikuwa hapa, akimuuguza mama yake. Harusi ilikuwa mwaka mzima baadaye.

Jumanne, 9 Aprili

Sikutoka. Nimepitia daftari la mifano. Ismaili yumo mara thelathini na moja. Yumo kwenye *adili*, kwenye *ahadi*, kwenye *kweli*. Nimemjengea mume wangu kaburi la maneno mazuri, na huku alisimama uani akamfukuza kijana wa watu kwa uongo, na mimi akaniambia katoweka. Tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na minne.

Nimemkasirikia maiti. Sijui mtu anayekasirikia maiti anaelekeza wapi hasira zake. Nimefua mapazia.

Na wifi je? Kila mwaka ndiye anayepika chakula cha dua ya kaka yake, hataki mtu mwingine aguse sufuria. Nikimwambia, nitakuwa nimemuua kaka yake mara ya pili. Nisipomwambia, nakuwa kama Ismaili.

Alhamisi, 11 Aprili

Twaha ameuona ujumbe. Kwake ni jambo dogo. "Mwalimu, tuweke Juma na Asha, tumalize." Nimemwandikia asubiri. Akaniuliza nasubiri nini, na sahani zinakuja. Sijui. Najua tu kwamba nikiweka Juma na Asha, yule mzee wa Arusha atafungua kamusi na kukuta amefutwa mara ya pili na nyumba ile ile.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeyaharibu.

Saa nne asubuhi Darweshi alikuja nyumbani bila aproni yake, akakataa kukaa. Akasema, "Mwalimu, nenda sokoni ukamchukue wifi yako." Nilikwenda na kandambili. Nilimkuta ameshafunika beseni, anakusanya vitu vyake taratibu, na wateja wamesimama mbali wakijifanya wanaangalia nyanya.

Ilikuwa hivi. Jumatatu ile Vumilia alitoa mara mbili karatasi yenye mfano juu na ujumbe wa Arusha chini, ya kwanza ikatoka na wino hafifu. Mimi nikachukua nzuri. Ile hafifu ikaingia kwenye furushi kama kawaida, na mimi, mwalimu mzima, sikuuliza. Wifi leo akaifungua mbele ya watu, akaanza kuwasomea kwa ile sauti yake ya darasani: "Nikodemo alimwahidi Mwanamwema kwamba atarudi..." Watu wakaanza kucheka wakidhani ni utani wetu. Akafika kwenye *kisha akatoweka*, akanyamaza. Darweshi anasema aliendelea kusoma kimyakimya mpaka chini, akaikunja, akaiweka kifuani, akamwambia mteja aliyekuwa akisubiri, "Leo maandazi yamekwisha." Na beseni lilikuwa limejaa.

Nilimwambia, "Wifi, twende nyumbani nikueleze."

Alinitangulia, na mimi nikabeba beseni nyuma yake, mvua ikitunyea wote wawili.

Jumapili, 14 Aprili

Wifi hajasema neno.

Jumatatu, 15 Aprili

Hajasema. Kaweka chakula mezani akagonga mlango wangu mara mbili kwa kijiko.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilijaribu kuomba radhi kupitia mlango wa jikoni. Akaongeza sauti ya redio. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa nawafundisha watoto methali hiyo kila mwaka na kuwapa alama.

Jumatatu, 22 Aprili

Mlima umeporomoka njia ya Mombo, umekwenda na nguzo za simu. Magari yamekwama pande zote mbili, abiria wanavuka tope kwa miguu na mizigo kichwani. Kwa Vumilia hakuna mtandao. Anasema inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuchukua mwezi. Kwa hiyo sentensi yangu imekaa huko hewani, mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, na mimi niliyeiandika siwezi kuigusa. Ikibaki hivyo hadi mwisho wa Mei itaingia kwenye sahani, na watoto wa mkoa mzima watajifunza neno *toweka* kwa aibu ya wifi yangu.

Wifi hajasema.

Jumatatu, 29 Aprili

Kabichi zinaoza mashambani kwa kukosa magari. Wifi hajarudi sokoni. Anasuka mkeka, anakoroga chai, anasali, ananipita. Wateja wanakuja mpaka mlangoni kumwuliza maandazi, anawaambia mikono inauma.

Leo nimemwangalia kwa muda mrefu akiwa hajui. Siku zote nilipomtazama nilimwona msichana aliyeachwa njiani. Leo nimeona mwanamke wa miaka hamsini na tano, mgongo wima, anayenikasirikia kwa nguvu zake zote. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, na niseme ukweli, nilimwogopa.

Jumatatu, 6 Mei

Nimechukua kalamu nikamkata Ismaili kwenye *mwaminifu*. Nilitaka niweke mbwa wa jirani. Sikuweza kuweka chochote. Sasa nina mapengo mawili.

Jumamosi, 11 Mei

Kesho ni dua ya Ismaili. Niliamka nikiwa na uhakika kwamba nitapika mwenyewe na pilau itaungua. Nilipoingia jikoni nikamkuta wifi ameshakaa kwenye kigoda, gunia la njegere liko wazi, ungo uko mapajani. Nikachukua kigoda cha pili. Hakunifukuza. Tulimenya labda nusu saa, mvua nje imepungua imekuwa manyunyu tu.

"Sogeza ungo," akasema.

Nilisogeza ungo kwa haraka mpaka njegere zikamwagika. Wiki nne sijasikia sauti ile ikielekezwa kwangu.

"Yale maneno ya Arusha uliyapata lini?"

"Tarehe nane, mwezi wa nne."

"Ukayaficha."

"Nikayaficha. Niliogopa, wifi. Sikujua nitakuambiaje kwamba kaka yako alimdanganya yule kijana, akakudanganya na wewe, akanidanganya na mimi."

"Kaka hakunidanganya mimi." Alikuwa hanitazami, anatazama maganda. "Nilikuwa humu humu, wakati huo jiko la udongo. Namenya njegere. Mama anaumwa chumbani. Nikasikia hodi, sauti naijua. Kaka akatoka. Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Amevaa shati jeupe, limelowa ukungu, kofia ameishika mkononi. Kaka akamwambia nimekwenda kuolewa Mnazi."

"Na wewe hukutoka?"

"Mlango ulikuwa wazi. Kutoka hapa mpaka pale aliposimama ni hatua saba. Nilizihesabu."

Nikamwuliza kwa nini. Nilijua nauliza kama mtoto.

"Kwa sababu uongo ule nilimtuma mimi." Sasa akanitazama. "Nilimwambia kaka, Nikodemo akija mwambie nimeolewa na wale wa Mnazi walioleta posa, maana nikimwambia mwenyewe sitaki, hatakubali, na mimi nitalegea. Nilimpenda, usifikiri sikumpenda. Lakini angenipeleka Moshi. Tungegombana na dini yake na dini yangu kila sikukuu, mama angekufa mimi sipo, na mlima huu ningekuwa nausikia kwenye barua ambazo hata kusoma nilikuwa sijui. Nikapima, nikaona siwezi. Yeye akaondoka, mimi nikaendelea kumenya. Nililia, lakini nilimenya gunia zima."

"Ismaili hakuniambia! Miaka thelathini na mitatu!"

"Nilimwapisha asimwambie mtu, hata mkewe. Kaka yangu ukimwapisha ameapa."

Mikono yangu ilisimama. Nilimfikiria Ismaili wangu, jinsi alivyolisema lile neno *katoweka*, akainama kufunga kamba za viatu. Nilidhani alikuwa na haraka. Nikaanza kulia hapo hapo kwenye kigoda, na wifi akaniacha nilie, hakunibembeleza.

Nilipopata pumzi nikamwuliza, kama aliyaamua mwenyewe, mbona amekasirika kiasi kile.

"Kwa sababu umeniandika mimi niliyeachwa," akasema. "Siyo kwenye karatasi tu. Miaka yote. Ulipokuwa ukigawa nyama, kipande changu kikubwa. Mwaka sabini na nne ulinipa daftari la kwanza, ukanishika bega, ukasema, 'Jifunze, wifi, mwanamume asije akakudanganya tena.' Darasa zima linasikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaifurahia sana huruma yako, wifi. Nikakuachia."

Hilo lilinikaa. Tulimenya tena. Kisha akasema kwamba aliyeonewa ni mmoja tu, yule mzee wa Arusha, ambaye tangu ujana wake anamlaumu kaka mtu asiye na kosa. Akaniuliza kama kile kisanduku cha kwenye kompyuta kinaweza kurudisha jibu. Nikamwambia simu zimekatika, lakini zikirudi kinaweza, na mfano nitaufuta.

"Usifute. Badilisha. Una neno lolote lililobaki wazi?"

"Nina *hiari*. Limenishinda tangu Machi."

Wifi alifikiri, akachambua njegere zilizooza akazitupa. Kisha akanisomea pole pole kama mimi nilivyokuwa nikiwasomea imla, na mimi nikaandika nyuma ya mfuko wa mchele:

"Mwanamwema alimwona Nikodemo amesimama uani, akaendelea kumenya njegere kwa hiari yake."

Nikamwuliza kuhusu majina. Twaha atataka Juma na Asha.

"Asha alikuwepo?" akaniuliza. "Basi."

Jumapili, 12 Mei

Dua imekwenda vizuri. Pilau haikuungua, nilikatazwa kugusa sufuria. Walipomaliza kumwombea Ismaili nami nikamwomba radhi, kimoyomoyo. Nimemrudisha kwenye *mwaminifu*. Nilibadilisha kidogo: "Ismaili alikuwa mwaminifu, siri aliyopewa hakuitoa hata kwa mkewe."

Alhamisi, 16 Mei

Simu bado. Wifi karudi sokoni. Darweshi kanunua maandazi kumi na mawili peke yake kwa furaha, na nimemwingiza kwenye *mizani*, kwa wema.

Jumatatu, 20 Mei

Simu bado. Zimebaki siku kumi na moja. Nimekwenda kwa Vumilia mara mbili leo, kuinua mkono wa simu na kusikiliza ukimya wake.

Alhamisi, 23 Mei

Imerudi! Vumilia alituma mtu kuniita, nikashuka mlima karibu nikimbie, na umri huu. Tumetuma mifano iliyobaki, na sasa yote mia sita na arobaini imetimia. Kwenye *toweka* sasa kuna ukungu unaotoweka jua likichomoza, jambo ambalo nalo nimeanza kulisahau. Kwenye *hiari* iko ile. Chini ya ujumbe wa Nikodemo nimeandika: "Tumerekebisha. Tafadhali soma neno hiari. Mfano umetolewa na mwenyewe."

Twaha amejibu baada ya saa moja. Ameuliza kama ni lazima majina yabaki. Nimemwandikia kwamba ni lazima, na kwamba nilimpa alama mia kwenye insha ya darasa la saba aliyokuwa amenakili kwa kaka yake, na nilijua. Akajibu, "Mwalimu, nimeupitisha."

Jumamosi, 25 Mei

Maulidi. Jua limetoka. Mlima wote unatoa mvuke.

Jumatatu, 27 Mei

Kisanduku kitupu. Wifi hakuuliza, ila alinisubiri barazani.

Alhamisi, 30 Mei

Kesho kamusi inafungwa. Asubuhi Vumilia alinigeuzia kompyuta. Neno: hiari. Ujumbe mmoja.

"Mfano ni sahihi. Nashukuru kwa marekebisho. Nikodemo, Arusha."

Nilimwomba Vumilia anitolee karatasi mbili, moja ya mfano na moja ya ujumbe, na zote zenye wino mzuri. Nikazipeleka sokoni mwenyewe. Wateja walikuwa wengi, barabara imefunguliwa, kabichi zinapakiwa. Wifi alifuta mikono kwenye khanga, akachukua karatasi ya mfano, akawasomea watu wote kwa sauti yake ya darasani, akatua penye kituo. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema, "Kumbe," basi.

Karatasi ya pili aliisoma peke yake, midomo ikitembea. Mteja akanyoosha mkono kusubiri maandazi yake. Wifi akaikunja ile karatasi mara nne, akaisunda kwenye kibindo, na maandazi akayafunga kwa gazeti.